Matanga Bila Mafuta

Nguo nyeusi ya dada yangu niliishona mimi, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kujua kwamba anaisha. Siku ya mazishi ya mume wake nilimpima haraka haraka uani huku wanawake wakilia nyuma yetu, nikaikata na kuishona, ikamkaa sawasawa. Haukupita muda ikawa inamning'inia mabegani. Nikaipunguza. Ikalegea tena. Mara ya tatu nilikaa na ile nguo mapajani, pini mdomoni, hasira imenipanda mpaka masikioni. Kila mtu pale nyumbani alikuwa ananiambia hiyo ni huzuni, na mimi nilikuwa naona mwili.

Tumebaki wawili tu kwa mama yetu. Tulikulia ukimbizini Uganda, kisha mjomba mmoja akanichukua kwenda kusoma Eldoret, ndiyo maana Kiswahili changu kimevaa viatu na cha watu wangu wa Juba kinatembea peku. Wao hunicheka. Mimi pia huwacheka. Tuliporudi Juba, dada aliolewa mtaa wa Kator, kwa watu wa kabila lingine, watu wema wenye sheria nyingi, na mimi nikafungua kibanda cha cherehani si mbali na kwake, nisikose mtu wa kunywa naye chai.

Kabla ya msiba dada alikuwa na uso wa mviringo, mashavu yamejaa, ngozi ya maji ya kunde inayong'aa. Watu walisema ndoa imemkubali. Mimi na tepu yangu tulikuwa na maneno mengine. Kiuno kiliongezeka kila nilipompima, lakini mikono na miguu ilikuwa inakonda, na chini ya shingo, pale kola inapokaa, palikuwa na kinundu cha nyama kilichoniharibia mshono.

"Nani amekuwekea mto hapa?" nilimtania.

"Mume wangu," alisema, akanipiga kofi la begani.

Siri yake niliijua. Alikuwa anajipaka. Kule Hai Jalaba kulikuwa na mama mmoja wa Kiganda aliyechanganya mkorogo wa kung'arisha ngozi kwenye beseni nyuma ya duka lake, akikamulia humo tyubu za dawa ya ngozi kama mtu anayetia sosi kwenye chipsi, kisha akiujaza kwenye makopo yasiyo na jina. Dada alijipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miaka. Wakwe zake walidhani ni rangi aliyozaliwa nayo. Mume wake, mtu wa kanisa, alipenda kusema mbele za watu kwamba mke wake si wa kujipaka takataka, ni Mungu tu aliyempaka. Masikini, aliamini kabisa. Na dada aliona heri afe kuliko kumvunjia mume wake ile fahari.

Basi mume akafa yeye, ghafla, kifua kilimbana akiwa kazini, na sheria za ukoo zikaingia nyumbani pamoja na jeneza.

Msimamizi wa sheria alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alizieleza mbele yetu sote, kwa Kiswahili chake cha Uganda, maana lugha ya nyumbani kwao sisi hatuijui.

"Mjane nakaa chini, kwa mkeka. Hapana viatu. Hapana marashi, hapana kujifukiza. Na mafuta, hapana kupaka hata kidogo, mpaka siku watu ya kwetu natoa yeye nguo nyeusi. Mwili yake nalia pamoja na yeye."

Nilitegemea dada atanyong'onyea. Badala yake, tulipobaki wawili, alinishika mkono na kunong'ona, na kulikuwa na kitu kama nafuu machoni mwake. Alikuwa amechoka na lile kopo. Alikuwa anaogopa siku zote kwamba vifundo vya vidole, ambavyo mkorogo hauving'arishi, vitamsema, au kwamba duka litafungwa. "Sasa nitarudi kuwa mweusi kama wewe," alisema, "na watasema ni huzuni. Chukua kopo, mdogo wangu. Usimwambie mtu. Niapie." Nikaapa. Nikaondoka na kopo ndani ya mfuko wa vitambaa, nikalisukuma nyuma ya marobota kibandani.

Aliacha siku hiyo hiyo, mara moja, kama anavyoacha mtu pombe akiwa ameokoka.

Mwanzoni niliamini nilichoambiwa. Mjane asiyekula ni wa kawaida. Mjane anayelala mchana kutwa ni wa kawaida. Halafu akaanza kuinuka kwa kushika ukuta. Akisimama macho yanamzunguka, anakaa tena, jasho la baridi linamtoka katika joto la Juba, ambalo halimpi mtu yeyote baridi. Alitapika uji. Alitapika chai. Magoti na viwiko vilimuuma. Na jambo lililonitisha kuliko yote ni kwamba alikuwa halii. Wanawake wakianza kilio, yeye anawatazama kama watu wanaozungumza ng'ambo ya barabara. Walimsifu kwa utulivu. Mimi namjua dada yangu. Huyo ni mtu aliyewahi kulia kwa sababu kuku wake aliuzwa.

"Huyu anaumwa," nilimwambia wifi.

"Malesh, pole, mudogo yangu. Si ugonjwa. Ndugu yangu iko naita yeye. Walipendana sana." Akafuta macho. "Sisi naomba tu Mungu akatae."

"Mungu akatae nini? Mpelekeni hospitali!"

"Tulipeleka. Walipima, walisema uchovu. Mjane hatembeitembei ovyo, watu nasema vibaya. Kalas, imekwisha."

Nilitamani kumrushia sufuria. Kweli walikuwa wamempeleka kwenye kliniki ya jirani, akapewa vidonge vya kuongeza damu na maneno ya pole. Binti yake mdogo, aliyekuwa akilala naye mkekani, aliniuliza nikiwa naosha vyombo kama mama naye ataenda kwa baba. Aliuliza vile vile anavyouliza kama kesho kuna shule. Nilimwambia hapana. Nikaosha sahani moja tena na tena.

Kisha malaria ikaja. Malaria ya kawaida tu, ile ambayo sisi wengine tunaimeza na vidonge na kurudi kazini. Nilipofika asubuhi dada alikuwa amelala upande, midomo mikavu, na nilipomwita alifungua macho, akanitazama, akayafunga tena. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilimwita dereva wa bodaboda wa kona yetu, baba mmoja mtu mzima wa Arua ambaye hunibebea vitambaa, akamkumbatia dada kama gunia la thamani, akamweka katikati yetu. Wifi alitoka akipiga kelele kwamba mjane hapandishwi pikipiki na nguo ya matanga. Nilimjibu neno ambalo siwezi kuliandika. Tulipofika hospitali, nikageuka, naye alikuwa anateremka kwenye boda nyingine, amevaa kandambili za watu wawili tofauti.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezungumza tangu alfajiri. Alimwekea dripu, akaanza dawa ya malaria, akapima sukari ikawa chini, akapima presha. Akaipima tena. Akaongeza maji, akasubiri, akapima mara nyingine, na nikaona paji lake limekunjamana.

"Maji yanaingia lakini presha haitaki kupanda," alisema. "Kuna dawa yoyote alikuwa anakunywa, akaacha?"

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna," akasema wifi.

"Fikirini vizuri. Ya pumu? Ya viungo? Vidonge vya kunenepa?"

"Hakuna, daktari. Hapendi hata panado," nikasisitiza.

Wala hatukusema uongo, na hilo bado linanitoa jasho. Kwetu dawa inamezwa au inachomwa. Kinachopakwa ni mapambo, kiko kundi moja na hereni. Angeniuliza mpaka jioni na ningemjibu hivyo hivyo kwa moyo safi.

Akafungua kitambaa cha kupimia presha. Mkono wa dada, pale ulipobanwa, ulikuwa umevilia damu, doa la zambarau pana kama kiganja. Daktari akalitazama. Akaishika ngozi kwa vidole viwili, ikanyanyuka nyembamba kama karatasi ya kufungia mandazi. Akamwinua mkono, akaona kwapani ile michirizi myekundu ambayo mimi niliijua toka kwenye vipimo na niliidhani ni ya uzazi. Akaishika mikono, akavisugua vifundo vyeusi kwa kidole gumba.

"Anapaka nini?" aliuliza taratibu.

"Hapaki kitu," wifi akadakia. "Iko matanga. Tangu mazishi hapana mafuta."

"Na kabla ya mazishi?"

Dada alifungua macho. Hakuwa na nguvu ya kutikisa kichwa, lakini alinitazama, na nilisoma kila neno. Wifi alikuwa amesimama pale pale, dada wa yule mtu aliyejivunia ngozi iliyopakwa na Mungu.

"Mkorogo," nikasema. "Mwili mzima. Miaka. Aliacha siku ya mazishi, mara moja. Kopo liko kwangu."

Dada akafumba macho. Sikuthubutu kumtazama wifi.

Daktari hakushangaa wala hakutukana. Alichana kipande cha karatasi, akaandika jina la sindano, akaniambia stoo yao imeishiwa, nikaitafute nje na nisirudi bila hiyo. "Haraka," alisema. "Hii siyo ya kesho."

Yule baba wa boda alikuwa bado yuko getini. Nilimpandia mgongoni karibu nimwangushe. Duka la kwanza la dawa lilikuwa limefungwa. Hai Cinema, la pili, kijana wa kaunta alitafuta chini, juu, nyuma ya pazia, akaniletea boksi tupu kunionyesha kwamba huwa wanayo. Nilimpigia kelele kama vile yeye ndiye aliyeinywa. La tatu walikuwa nayo, imepitwa na muda. Na safari yote hiyo mwili wangu ulikuwa macho kuliko nilivyowahi kuwa. Niliona kila shimo barabarani kabla ya dereva. Nilisikia jenereta mbali kabisa. Sikuhisi njaa, sikuhisi jua, sikuhisi kwamba nimejikata mguu, na bomba la moshi la pikipiki limeniunguza juu yake. Kitu ndani yangu kilikuwa kinamimina nguvu na hakikuuliza zinatoka wapi.

Tuliipata Hai Jalaba. Mzee wa duka la dawa aliuliza kama ni kwa mtu wa pumu, nikamwambia ni kwa mjane, akanitazama lakini akaifunga. Nilipogeuka kutoka ndipo nilipoona tumesimama karibu kugusana na duka la yule mama wa mkorogo. Wateja wawili walikuwa wanachagua makopo. Nyuma yangu, kwenye kabati la kioo la duka la dawa, zilipangwa zile tyubu, zile zile za kwenye beseni. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni kwa yule mama. Nikapanda boda.

Sindano iliingia kupitia dripu. Nilisimama miguuni kwa kitanda nikitegemea lolote, kifo au muujiza, na sikupata hata kimoja kati ya hivyo kwa muda mrefu. Daktari alipima presha, akaenda kwa wengine, akarudi. Wifi alikuwa amekaa chini sakafuni, kandambili zake mbili za rangi mbili mbele yake. Mchana ukasogea. Kisha presha ikapanda kidogo. Ikapanda tena. Jua likiwa bado dirishani, dada aligeuza kichwa na kusema kwa sauti yake kamili, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi, "Nina njaa."

Nililia mimi, kwa fujo, mpaka nesi akanitoa nje.

Baadaye daktari alitueleza, wifi na mimi, akichora nyuma ya boksi la glavu. Alichora figo mbili, na juu ya kila moja kikofia kidogo. Hizo ni tezi, alisema, ndogo kiasi kwamba zinaingia kwenye kiganja, na ndizo zinazokusimamisha mwili ukitikiswa. Ukiogopa, zinakupa ile kasi ya ghafla. Nikajua hapo ni nani aliyenikimbiza maduka yote yale. Lakini zina dawa yao nyingine ya polepole, ya kila siku, inayoshikilia presha na sukari, inayokuwezesha kuugua bila kuanguka, kufiwa bila kuanguka. Dawa iliyomo kwenye zile tyubu ni ndugu wa hiyo. Ikipita kwenye ngozi kila siku, ubongo unaona ipo tele, unaacha kuzituma tezi, na tezi nazo zinasinyaa na kulala. Ukiacha kupaka ghafla, ya nje imekatika na ya ndani haijaamka. Kisha msiba, kisha malaria. "Alikuwa anadaiwa nguvu," alisema, "na hana pa kuzitoa."

"Basi siyo ndugu yangu alikuwa naita yeye," wifi akasema polepole.

"Hapana, mama."

Nilijitayarisha kwa hotuba juu ya wake waongo. Lakini niliona wifi anavuta kanga yake mbele na kuifunika mikono, vidole vyote, na ndipo, kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomjua na kumwogopa, nilipotazama vifundo vyake: vyeusi, kama vya dada. "Na mtu anataka kuacha," alimuuliza daktari, akitazama ukuta, "yeye nafanya aje?"

"Anakuja kwangu kwanza," daktari akasema. "Haachi peke yake."

Dada hakunisamehe mara moja. "Umeniuza," aliniambia siku nilipompelekea mchuzi. "Mbele ya wifi yangu, katikati ya matanga."

"Ningekuuza hata sokoni Konyo Konyo, kwa kipaza sauti."

Hakucheka. Alipewa vidonge vya kumeza kila asubuhi, vya kupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo, mpaka vile vikofia viamke vyenyewe, na kuamka kwake hakuna haraka. Nilimsikia mara moja akimwambia binti yake kwamba mama ana wafanyakazi wawili wavivu tumboni. Alirudi mkekani, kwenye nguo nyeusi, na safari hii wifi ndiye aliyesimamia kidonge kama alivyosimamia sheria, kwa sauti ile ile ya ng'ombe. Nguo ikaanza kumkaa tena. Uso wake haukurudi kuwa wa mviringo. Ulirudi kuwa ule wa utotoni, mwembamba, mweusi, wenye taya la mama yetu, na ilinibidi niuzoee.

Siku ya kuvua nyeusi, watu wa ukoo walijaa uani. Chakula kilipikwa, kwaya ya kanisa ikaja. Wanawake walimvua dada nyeusi na kumwogesha nyuma ya kanga zilizofungwa kwenye kamba, na mimi nikiwa nimeshika nguo mpya ya kitenge niliyomshonea, kola imelala vizuri, hakuna kinundu. Shangazi mmoja wa ukoo alitoa zawadi aliyoifunga kwenye karatasi ya maua. Ilikuwa kopo. Kubwa kuliko yale ya zamani, lisilo na jina. Alilitoa kwa mapenzi matupu, kumrudishia mjane uzuri wake. Wifi alinyoosha mkono, akalipokea, akashukuru kwa adabu zote, akaliweka chini ya kiti chake na kulikalia. Kisha akamimina mafuta ya simsim kwenye kiganja chake na kuanza kumpaka dada mgongo, mabega, mikono, taratibu.

Nikamvalisha kitenge. Vigelegele vikapigwa. Matanga yamekwisha, watu wakaanza kuulizana sahani ziko wapi.

Na hapo dada akafungua mdomo na kulia.

Alilia kwa sauti niliyomjua nayo tangu ukimbizini kule Adjumani, sauti ya kuku aliyeuzwa, kubwa, ya kifua kizima, akimwita mume wake kwa jina, akimuuliza amemwacha na nani. Alipiga mapaja. Alianguka kwa magoti na kitenge changu kipya kikaingia vumbi. Wanawake wakamkimbilia, wengine wameudhika, wakimwambia basi, malesh, kalas, leo siyo siku ya kulia, kilio tumekimaliza. Mmoja alitaka kumziba mdomo kwa kiganja.

Wifi aliinuka kutoka kwenye kiti chake na kuwasukuma mmoja mmoja pembeni, mikono yake inang'aa mafuta.

"Wachana na yeye," alisema. "Nyinyi nalia kitambo. Yeye ndiyo naanza leo."

Akakaa chini mavumbini kando yake, na sisi wote tukakaa.